Maswali ya Wasomaji: Kumvua Panga Usiku Katika Hori la Cowan

SWALI: Mpendwa mwandishi wa safu hii, assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje na kwa miaka sita sasa ninaishi Sydney, nchini Australia, ambako nimenunua mashua ndogo ya bati yenye urefu wa mita 4 na mashine ya kupachika. Jirani yangu, ambaye ni Mkorea, amenizoesha kumla yule samaki mrefu, mwembamba kama mkanda, anayeng'aa kama fedha na asiye na pezi la mkiani. Yeye humwita galchi, wenyeji wa hapa wamempa jina la mkia wa unywele, nami namwita panga kwa kuwa ndilo jina nililokua nalo. Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda mara saba usiku katika hori la Cowan, kaskazini mwa jiji, nikatia nanga karibu na wenzangu, nikatumia chambo kilekile walichotumia wao, wakapata nami nikakosa. Mara nyingi nilihisi chambo kinadonwa, nikavuta kwa nguvu kama tulivyozoea kumvuta changu mwambani, na ndoana ikarudi tupu. Panga mmoja tu ndiye aliyenasa, naye akakata mshipi ubavuni mwa mashua. Je, ninakosea wapi?
Msomaji, Sydney

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kosa lako kubwa liko mkononi, na umelitaja mwenyewe katika barua yako: unamvuta panga kama changu. Changu huinamisha kichwa, huchukua chambo na kukimbilia chini au pangoni, kwa hiyo mvuvi asipomwahi humpoteza. Panga ana mwendo mwingine kabisa. Anapovizia husimama wima majini, kichwa juu na mkia chini, akijishikilia mahali pamoja kwa kupunga lile pezi la mgongoni linaloanzia kisogoni na kwenda karibu na ncha ya mkia. Macho yake makubwa hutazama juu, na chakula chake hukiendea kutoka chini. Basi akishika chambo chako, mara nyingi huendelea kupanda nacho, na wewe uliyeshika mshipi huhisi kinyume cha ulichozoea, maana badala ya kukaza, mshipi hulegea. Mwenzako wa Kilwa aliyekaa tezini angedhani chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, limegusa chini, kumbe ndiye samaki mwenyewe.

Jambo la pili la kumjua ni meno. Yale marefu ya mbele yana ncha zilizopinda mfano wa ndoana, na ya pembeni hukata kama wembe. Panga mara nyingi haanzi kwa kumeza. Hukikata chambo kwanza, au hukishika katikati na kutulia nacho, kisha ndipo hukigeuza na kukimeza. Kule kudonwa unakokuhisi ni hatua ya mwanzo, na ukivuta wakati huo unamnyang'anya chakula ambacho bado hakijafika kinywani. Nilipomtembelea shemeji yangu anayeishi huko na kutoka naye usiku mmoja wa mwezi Juni, nilimwona akifanya jambo ambalo lilinikera mpaka nilipoona matokeo yake. Fimbo ilitikisika mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja, naye akaiacha palepale ilipoegemea, akamimina chai. Baada ya muda wa kunywa nusu kikombe, mshipi ulilegea, ukaelea juu ya maji kama uzi uliokatika. Hapo ndipo alipoichukua fimbo, akakunja mshipi uliolegea bila pupa mpaka akahisi uzito, kisha akainua tu, hakupiga. Panga alikuja akiwa na ndoana kwenye pembe ya taya. Nami kwa haraka zangu nilikuwa nimekwisha kupoteza chambo vinne.

Hata hivyo, mkono mtulivu hautakufaa ikiwa chambo hakipo pale alipo samaki, na hapa ndipo wengi huangaliana tu mashua na mashua wasijue kwa nini jirani anapata. Hori la Cowan ni bonde la mto lililomezwa na bahari, maji yalipopanda baada ya kuyeyuka kwa barafu za kale, na kuta zake ni za jiwe la mchanga, zimesimama kiasi kwamba unaweza kuwa hatua chache kutoka ukingoni ukiwa juu ya maji ya mita 10 au 15. Katika kina hicho panga hukaa kwa tabaka. Usiku mmoja wanaweza kuwa mita mbili kutoka chini, na usiku unaofuata wakawa karibu na uso wa maji wakifuata vidagaa. Hata ndani ya usiku mmoja hubadilika. Kwa hiyo usishushe mishipi yako yote kwa kina kimoja. Sheria ya jimbo la New South Wales inamruhusu mtu kutumia hadi mishipi minne katika maji ya chumvi, ingawa kwa mashua ya mita 4 mitatu inatosha na ya nne ni ya kutafuta misukosuko. Mmoja ufike karibu na chini kisha uinuliwe mita moja au mbili, wa pili uwe katikati, na wa tatu uninginie kwenye boya dogo, mita tatu au nne tu chini ya uso wa maji. Funga uzi wa rangi kwenye kila mshipi kuonyesha kina chake, ili yule wa kwanza akiliwa uilete mingine kwenye kina hichohicho bila kubahatisha gizani.

Chambo kikishafika katika kina kinachofaa lazima kitulie, na hakitatulia ikiwa mashua inazunguka. Umeandika kwamba ulitia nanga, lakini hukutaja ngapi. Ukitumia nanga moja ya omo, upepo unaoteremka kati ya vilima na maji yanayopwa vitaiyumbisha mashua kulia na kushoto usiku kucha, mishipi itasukana, na kila chambo kitakuwa kinaburutwa. Tia nanga mbili, ya omo mbele na ya tezi nyuma, kamba zikiwa ndefu angalau mara tatu ya kina, kisha zikaze mpaka mashua isimame kama imepigiliwa misumari. Fanya kazi hiyo kabla jua halijazama. Kutia nanga gizani ndani ya mashua ya bati ni sawa na kupiga ngoma juu ya vichwa vya samaki, kwa sababu kila mnyororo unaogonga bati husikika majini. Wenye uzoefu hutandika zulia kuukuu sakafuni na kuwakataza watoto kuangusha vitu. Siwezi kuapa kwamba panga hukimbia kila sauti, lakini usiku ule kijana wetu alipoangusha chupa ya chai, fimbo hazikutikisika tena kwa zaidi ya nusu saa.

Kuhusu zana, ninafikiri nimeelewa kwa nini yule mmoja alikata mshipi. Ulifunga ndoana moja kwa moja kwenye nailoni, au waya wako ulikuwa mfupi mno. Tumia waya mwembamba wenye urefu wa kama sentimita 30, uunganishwe na mshipi kwa kipete kinachozunguka. Juu ya kipete hicho weka chubwi dogo, dogo iwezekanavyo, ili samaki asihisi uzito. Ndoana ziwe tatu zilizopitishwa moja katika tundu la nyingine kama mnyororo, namba 4/0 ikifaa, kwa sababu chambo chenyewe ni saladini mzima: ndoana ya juu ipite machoni na zinazofuata ubavuni. Kibua mdogo aliye hai, aliyevuliwa palepale kabla ya giza kwa ndoana ndogo na vipande vya mkate, ni bora kuliko vyote, na kipande kirefu cha ubavu wa samaki mbichi hakidharauliki. Vile vijiti vidogo vya mwanga vinavyouzwa madukani vinasaidia, mradi ukifunge kijiti mita moja juu ya chambo. Ukikifunga karibu, panga atakirukia kijiti chenyewe, na meno yake yatakuta nailoni juu ya waya. Wakati wote wa uvuvi katakata saladini vipande vidogo ukivimwaga kidogo kidogo, kiasi cha kiganja kila baada ya dakika chache, maana ukimwaga ndoo nzima samaki watashiba na kuondoka.

Mahali pa kutia nanga panajulikana na kila mtu, kwa hiyo sifichui siri. Jerusalem Bay ndiyo iliyotajwa zaidi kwa miaka mingi, Waratah Bay iko ndani zaidi ya hori, na walio upande wa Akuna Bay hujaribu katika maji ya Coal and Candle Creek. Eneo lote hilo limezungukwa na hifadhi ya Ku-ring-gai Chase, iliyotengwa tangu mwaka 1894, na ndiyo sababu vilima vyake vina miti badala ya nyumba, na usiku wake ni usiku kweli. Mito midogo inayoingia katika hori hilo si mikubwa kama Hawkesbury wenyewe, kwa hiyo mvua ya kawaida haiyaharibu maji yake upesi. Lakini mafuriko makubwa kama yale ya Machi 2021, na ya Machi na Julai 2022, hufunika eneo zima kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yenye tope, na baada ya mambo kama hayo ni afadhali ubaki nyumbani urekebishe waya zako. Majira yenyewe ni kuanzia Aprili au Mei hadi Agosti. Kuna miaka ambayo panga huingia kwa wingi na kuna miaka ambayo wavuvi hodari hukesha bure wiki nzima, basi usihesabu safari saba kuwa ushahidi dhidi yako.

Maji yanapokaribia kugeuka, mwishoni mwa kujaa au mwanzoni mwa kupwa, ndipo wengi hupata, na mimi naafiki kwa sababu rahisi kwamba wakati huo mkondo umelala na mishipi inaning'inia wima. Kuhusu mwezi, wapo wanaotaka giza totoro na wapo wanaosifu mbalamwezi. Nimeona kila upande ukitaja usiku uliowapatia na kuusahau uliowanyima.

Panga akifika ubavuni, usimnyanyue kwa nailoni. Shika waya kwa mkono uliovaa glavu nene, au tumia kulabu, umwingize moja kwa moja katika beseni refu lenye kifuniko. Usimwachie ajisukesuke miguuni mwa watu. Ndoana itolewe kwa koleo ndefu, naye akiwa amekwisha kufa, kwani jeraha la meno hayo hutoka damu nyingi kuliko linavyoonekana.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, mume wangu na rafiki zake wamepanga kukodi mashua ndogo Brooklyn, kando ya mto Hawkesbury, ili waende kuvua panga usiku. Wote ni wageni katika nchi hii na wanasema kwamba uvuvi wa kujifurahisha hauna masharti. Mimi nina wasiwasi. Je, wanahitaji nini kisheria?
Mama wa Parramatta

JIBU: Dada yangu, wasiwasi wako ni wa haki. Katika New South Wales mtu mzima anayevua kwa ndoana, hata kwa kujifurahisha, anatakiwa awe amelipia ada ya uvuvi na awe na uthibitisho wake anapovua. Walio chini ya umri wa miaka 18 wamesamehewa, na yapo makundi mengine yaliyosamehewa pia. Mashua yenye mashine itakayoendeshwa kwa mwendo wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) au zaidi inahitaji nahodha mwenye leseni ya chombo, ilhali mashua za kukodi za mwendo wa pole mara nyingi ziko chini ya kiwango hicho, na mwenye chombo atawaeleza. Panga hana kipimo cha chini cha urefu katika sheria za jimbo hilo, lakini mtu mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya 10. Kwa samaki anayeweza kufikia urefu wa mita moja na nusu, hao 10 ni chakula cha ukoo mzima.

Ambalo ningelisisitiza kuliko karatasi ni usalama. Katika chombo kilicho chini ya mita 4.8 kila aliyemo lazima awe amevaa jaketi la kuokolea maisha tangu jua linapozama hadi linapochomoza. Si kulikalia wala kulitia chini ya kiti. Mashua ikiwa imetia nanga lazima iwe na taa nyeupe inayoonekana pande zote, na taa hiyo isifunikwe kwa shuka eti mwanga unawatisha samaki, kwa sababu wapo wenye mashua za kasi wanaorudi nyumbani usiku katika hori hilohilo. Usiku wa Juni na Julai baridi yake huwashangaza waliokulia pwani ya kwetu, na umande hulowanisha nguo kama mvua. Wachukue nguo kavu za akiba ndani ya mfuko usioingiza maji, tochi mbili na chai nyingi. Kuta za hori huzuia mawimbi ya simu mahali pengi, kwa hiyo kabla hawajaondoka waandike kwenye karatasi jina la ghuba watakayolala na saa ya kurudi, na karatasi hiyo ubaki nayo wewe.

SWALI: Ndugu mwandishi, mwanangu aniletea samaki hawa kutoka bandari ya Newcastle, kaskazini mwa Sydney. Nikiwashika mikono inabaki na rangi ya fedha kama niliyeshika ukuta uliopakwa chokaa. Je, rangi hiyo ni sumu? Na nifanyeje na miiba, maana wajukuu wanamwogopa?
Bibi wa wajukuu watano, Newcastle

JIBU: Shikamoo Bibi. Rangi hiyo si sumu. Panga hana magamba hata moja, na badala yake ngozi yake imefunikwa na utando mwembamba wa chembechembe zinazorudisha mwanga, ambazo kitaalamu huitwa guanini. Chembe za namna hiyo kutoka kwa samaki zimewahi kutumika kutengeneza lulu za bandia, kwa hiyo mikono yako imevaa vito bila gharama. Wengine huuacha utando huo na kumkaanga nao samaki, na hawadhuriki. Mimi huutoa, kwa kuwa ukikaa muda mrefu huchacha upesi kuliko nyama na kuacha harufu. Kunjakunja kitambaa kibichi au gazeti, nyunyizia chumvi ya mawe, kisha pangusa kutoka kichwani kuelekea mkiani mpaka ngozi ibaki na rangi ya kijivu. Usikwangue kwa kisu, ngozi ni laini itachanika.

Mwambie mwanao amtie samaki kwenye barafu palepale mashuani, amepasuliwa tumbo na kutolewa matumbo. Panga aliyelala bila barafu mpaka asubuhi hulegea, na tumbo lake hupasuka lenyewe. Wala asimkunje kwa nguvu ili aingie katika kikasha kifupi, kwa maana nyama yake ni laini na huvunjika kwa ndani, ukaja kumkaanga akatawanyika kama ugali mbichi. Ni afadhali amkate vipande viwili au vitatu.

Sasa miiba. Panga si kama yule samaki aitwaye mkonge, ambaye miiba yake midogo imetapakaa kila mahali nyamani. Wajukuu wako huenda wanamwogopa kwa kumfananisha naye, kwa sababu hao wawili wote ni warefu, wanang'aa, na katika baadhi ya bandari zetu jina panga humwangukia yule mkonge. Mtofautishe hivi: mkonge ana mkia uliopasuka kama mkasi na pezi fupi la mgongo lililo nyuma sana, lakini panga mkia wake huishia kama kamba na pezi lake limetambaa mgongo mzima. Miiba ya panga iko kwa mpangilio: safu moja inashikilia pezi la mgongo, nyingine iko upande wa tumbo, na katikati umo uti wa mgongo. Mkate vipande vya upana wa vidole vinne. Kwa kila kipande pitisha ncha ya kisu pande zote mbili za pezi, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha shika pezi kwa vidole uvute. Litatoka pamoja na safu yake ya miiba kama unavyovuta uzi wa mfuko wa unga. Kipande kikishaiva, nyama ya katikati huteleza yenyewe kutoka kwenye uti, na hiyo ndiyo uwape watoto. Kando za kipande tule sisi watu wazima wenye subira.

Kwa mapishi, mtie chumvi, ndimu na tangawizi kidogo kwa robo saa tu, mpanguse maji, mpake unga wa ngano kwa mbali na umkaange katika mafuta yaliyopata moto sawasawa. Mgeuze mara moja. Ukipenda mchuzi wa kupaka, mchome kwanza mpaka ngozi ikauke, ndipo umpake tui zito lenye ukwaju. Akipikwa ndani ya tui tangu mwanzo atavunjika. Wakorea humkausha kidogo kwa chumvi na kumchoma, au humtokosa na figili na pilipili katika mchuzi mdogo mno, na ninaona ndiyo sababu jirani wa yule msomaji wetu wa kwanza alifanikiwa kumteka.

SWALI: Mwandishi, salaam kutoka Kipini. Nimesikia kwamba Waaustralia humvua panga kwa mshipi ndani ya mito yao, nasi hapa mdomoni mwa Tana huwaona panga katika nyavu mara kwa mara, wakati mwingine wadogo tupu, na hakuna anayewatafuta kwa ndoana. Nina mtumbwi na mwanangu wa kunisaidia. Je, mtindo huo unaweza kufaa huku?
Mvuvi, Kipini

JIBU: Salaam nyingi, mzee wangu. Panga ni samaki wa bahari nyingi za joto na za wastani duniani, na huyo unayemwona wavuni ni jamaa wa huyo anayevuliwa Cowan. Wanasayansi huwaandika wote kwa jina la Trichiurus lepturus, ingawa wapo wanaohoji kama kweli ni aina moja kote. Katika Ghuba ya Ungwana ameingia kwa miaka mingi katika nyavu za meli za kuvua kamba, zile ambazo serikali ya Kenya ilizisimamisha mwaka 2006 baada ya malalamiko ya wavuvi wadogo, na mara nyingi alihesabiwa miongoni mwa samaki wa ziada. Dunia haimdharau hivyo. Kwa mwaka huvuliwa zaidi ya tani milioni 1 za panga, na sehemu kubwa ni ya China.

Lakini mdomo wa Tana si hori la Cowan, na ukiuchukua mtindo huo mzimamzima utakesha bure. Cowan ina maji ya kina, safi na ya chumvi hadi ndani kabisa. Tana huleta maji baridi na tope kutoka bara, hasa wakati wa masika na vuli, na sehemu kubwa ya mdomo wake ni ya kina kifupi. Panga anayetazama juu ili aone kivuli cha chakula ana shida katika maji usiyoweza kuona mkono wako ndani yake. Kwa hiyo mimi nisingeingia mtoni. Ningengojea kaskazi, bahari ikiwa imetulia na mto umepungua, nikatoka nje ya mdomo hadi kwenye ule mstari unaouona wewe kila siku, ambapo maji ya kahawia yanakutana na ya kijani, kisha nikatia nanga upande wa kijani. Vidagaa hujipanga kwenye mstari huo, na wanaowala huwa chini yao. Wakati wa kusi, jambo hilo kwa mtumbwi usilijaribu.

Ya zana chukua mengi niliyomwambia msomaji wa Sydney, ila huhitaji fimbo. Mshipi wa mkononi una faida yake kwa panga, kwani kidole huhisi kule kulegea mapema kuliko fimbo. Uzungushe mara moja kwenye kidole cha shahada, usiukaze, na mkono uwe juu ya goti ili usichoke. Badala ya waya wa dukani, uzi mmoja uliochomolewa katika kebo ya breki ya baiskeli hufanya kazi mpaka upate kutu, na kutu ikianza utupe. Saladini au simu, wale dagaa wadogo, wakiwa wabichi watakufaa kwa chambo. Mishipi miwili inatosha: wako karibu na chini, wa mwanao katikati ya maji. Ukiwa na karabai, iwashe na uininginize nje ya ubavu saa moja kabla ya kushusha ndoana, ili dagaa wakusanyike, kisha ushushe chambo pembeni ya duara la mwanga, mahali pa nusu giza, kwani huko ndiko mwindaji husimama.

Anza na usiku mitatu ya maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, na kila usiku mwanao aandike kina alichokula samaki na saa aliyokula. Na kwa kuwa viboko wa Tana hutoka kulisha gizani, mtumbwi uuvute pwani upande wa bahari, usirudi nao mtoni kabla hakujapambazuka.